Mafundi wanakuja na maikromita zao: tuzisajili au tuzipige marufuku?

StooShimanzi aliandika:

Salamu wakuu. Karakana yetu hapa Shimanzi, Mombasa, hukereza shafti, bushi na sehemu za pampu, za viwandani na za meli. Mafundi 14. Vyombo vya kupimia vya kampuni viko sawa, kila kimoja kina namba, stika na cheti. Shida iko kwenye masanduku ya mafundi wenyewe. Ukiyafungua utakuta maikromita (kipimo cha skrubu), venia (kipimo cha taya zinazoteleza), geji za saa (kipimo chenye uso kama wa saa) na futi za kila aina, vyote mali ya mwenye sanduku, vingine vizuri kuliko vya stoo, vingine vimenunuliwa mitumba. Hakuna kilichoandikwa popote.

Mkaguzi wa ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ametuandikia hoja kuhusu vyombo hivi. Mkurugenzi anataka marufuku kuanzia Jumatatu. Mafundi nao wanasema chombo cha stoo kimeshikwa na kila mtu, chao wanakijua. Naomba mnijibu:

1. Je, kiwango kinakataza chombo cha mfanyakazi?
2. Tukivisajili, tunavipimaje bila kupeleka vyombo zaidi ya 20 maabara kila mwaka?
3. Gharama ni ya nani, na fundi akiondoka inakuwaje?

---

MkerezajiMkongwe alijibu:

Marufuku utaitangaza Jumatatu, Jumanne maikromita zitakuwa mfukoni mwa ovaroli badala ya kwenye sanduku. Fundi anayefuata maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) hawezi kungoja stoo ifunguliwe kila akitaka kupima. Ukitaka kupiga marufuku, kwanza nunua vya kutosha: kila mashine na maikromita yake ya milimita 0–25 na ya 25–50, na venia moja. Kama bajeti hiyo haipo, marufuku ni karatasi tu ukutani.

Na wakati wa kuvisajili usifanye msako. Tangaza siku moja, kila mtu alete alicho nacho mezani, bila lawama. Ukianza kwa kupekua masanduku, vile vibovu zaidi ndivyo hutaviona.

---

Bi_Maikroni alijibu:

Nakujibu swali kwa swali, ndugu.

Kiwango hakiulizi chombo ni cha nani. ISO 9001:2015, kifungu 7.1.5.2, kinataka mambo matatu pale ambapo kipimo kinatakiwa kufuatika hadi chanzo chake: chombo kikalibretiwe au kihakikiwe kwa vipindi maalumu, au kabla ya kutumika, dhidi ya vipimo vinavyofuatika hadi viwango vya kimataifa au vya taifa, kitambulike hali yake, na kilindwe kisirekebishwe ovyo wala kuharibika. Halafu kuna sentensi ambayo wengi huiruka: chombo kikikutwa hakifai, mtazame kama vipimo vilivyopita bado ni halali. Hapo ndipo chombo kisichoandikwa kinapokuumiza, maana hujui kilipima nini. Watu wengine hukimbilia kifungu 8.5.3 cha mali ya wateja na watoa huduma wa nje. Mfanyakazi si mmoja wao, kiache.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si la umiliki. Jiulize: je, kipimo cha chombo hiki ndicho kinachopitisha kazi? Ukishajibu, gawa vyombo mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vya KUPITISHA. Vina namba, rekodi, stika yenye tarehe, haijalishi ni vya kampuni au vya fundi.

Fungu la pili ni vya KUKADIRIA TU. Hivi ni vya kusogelea kipimo wakati wa kukata, kupanga kazi kwenye chaki (kishikio cha mashine ya kukereza), kukagua malighafi iliyoingia. Stika ya rangi tofauti, na kwenye kadi ya kazi namba yake haikubaliki. Angalizo: fungu hili hupenda kutambaa. Ikifika saa kumi jioni na dereva wa mteja yuko getini, venia ya kukadiria ndiyo itakayopima kiti cha beringi (sehemu ya shafti ambapo beringi hukaa). Dawa yake ni kadi ya kazi kuwa na nafasi ya namba ya chombo pembeni mwa kila kipimo cha mwisho, na msimamizi asitie sahihi pakiwa wazi.

Kiti cha beringi nimekitaja makusudi. Shafti ya 50 k6 (50 ni kipenyo kwa milimita, k6 ni msimbo wa mipaka yake) inatakiwa iwe kati ya 50.002 na 50.018, yaani nafasi yako yote ni maikroni 16. Venia yenye mgawanyo wa 0.02 inasoma kwa hatua kubwa kuliko nafasi yenyewe. Hata iwe mpya, hata iwe na cheti cha dhahabu, si chombo cha kazi hiyo. Kwa hiyo kwenye rejista usiandike tu "imepita". Andika imepita kwa kazi gani.

Swali la pili ndilo lenye nafuu. Huna haja ya kupeleka vyombo zaidi ya 20 maabara. Peleka seti moja ya slipi geji (vipande vya chuma vya urefu unaojulikana kwa uhakika), kisha vyombo vingine vipimie hizo hapo hapo karakana. Maikromita ya 0–25 inataka vipande kumi tu: 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15.0, 17.6, 20.2, 22.8 na 25.0. Namba hizo zinaonekana za ajabu lakini zina maana. Skrubu ya maikromita husogea nusu milimita kila mzunguko. Ukipima 5, 10, 15, 20 na 25 pekee, ngoma (silinda ya nje unayoizungusha) husimama pale pale kila mara, na kosa lililo ndani ya mzunguko mmoja hulioni kamwe. Vipande hivyo vinaisimamisha ngoma mahali tofauti tofauti.

Slipi geji za daraja la 2 zinatosha karakana: kipande cha 25 kinaruhusiwa kukosea maikroni 0.6 tu, nawe unapima chombo chenye ukomo wa maikroni 4. Maabara iwe ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) au nyingine iliyoidhinishwa na KENAS (shirika la Kenya la kuidhinisha maabara), na cheti kionyeshe kosa la kila kipande na kiwango cha shaka ya kipimo. Cheti kinachosema "PASS" bila namba usikilipie.

Mwendo wenyewe, kwa maikromita:

Safisha nyuso mbili za kupimia, yaani fuawe (isiyosogea) na spindo (inayosogea), kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kunja karatasi nyeupe safi, ibane kwa racheti (kichwa cha mwisho kinachoteleza nguvu ikitosha) kidogo tu, ivute itoke. Rudia hadi itoke bila alama. Funga kwa racheti, milio mitatu, soma sifuri. ANDIKA sifuri uliyoikuta. Usiirekebishe bado. Hapa watu wengi huharibu kila kitu: fundi kwa nia njema hurekebisha sifuri kwanza ili chombo chake kipite, na ushahidi wa kilivyokuwa kikifanya kazi wiki iliyopita umefutika.

Kisha pima vipande vyote kumi, mara tatu kila kimoja, uandike. Mimi huweka ukomo wa ±0.004 kwa 0–25. Baada ya hapo ndipo urekebishe ukihitaji: sifuri iliyokosa chini ya 0.01 zungusha silinda ya ndani kwa ile spana ndogo ya ndoano. Zaidi ya hapo legeza ngoma yenyewe. Ukirekebisha, pima upya vipande vyote.

Fuawe zilizolika katikati slipi geji haikuonyeshi, kwa sababu kipande bapa hukaa juu ya kingo za shimo. Chukua mpira mmoja wa beringi nzuri, upime katikati ya fuawe kisha pembe nne. Katikati ikisoma pungufu kwa zaidi ya maikroni 2 au 3, chombo hicho ni cha kukadiria.

Venia ni rahisi zaidi. Funga taya uielekeze dirishani: mwanga ukipita mahali pamoja na pengine usipite, taya zimelika au zimepinda. Kisha pima kipande kimoja karibu na mzizi wa taya na kile kile karibu na ncha. Masomo yakitofautiana, kitelezi kimelegea. Kaza skrubu zake mbili za juu robo mzunguko kwa wakati. Taya za ndani zipime ndani ya maikromita iliyofungwa kwenye kipimo kinachojulikana. Venia za dijitali zikianza kurukaruka, badilisha betri kabla ya kuilaumu. Weka SR44, si LR44, kwa kuwa volti ya LR44 hushuka taratibu na kuleta ujinga kabla haijazima.

---

FundiWaPampu alijibu:

Bi Maikroni ameeleza vizuri lakini kuna jambo linarukwa. Jumamosi mchana fundi anafunga sanduku anakwenda nalo kwenye kibarua chake Changamwe au Jomvu. Jumatatu chombo kinarudi. Stika bado ni mpya, tarehe bado nzuri. Kimeangukia simiti jana na hakuna anayejua. Sasa?

Na gharama mmeipita. Mkimwambia fundi alipie kalibresheni ya chombo anachokitumia kwa faida ya kampuni, atakiacha nyumbani. Haki yake.

---

Bi_Maikroni alijibu:

Kweli kabisa FundiWaPampu, na ndilo shimo kubwa la vyombo binafsi. Njia ni mbili. Ya kwanza: chombo cha KUPITISHA kinalala kazini, kwenye kabati lenye kufuli, na mwenyewe ana ufunguo wake. Akitaka kukitoa, kinatoka kwenye fungu la kupitisha hadi kihakikiwe tena. Ya pili, kama hilo haliwezekani: kila chombo kilichovuka geti hupimwa kikirudi, sifuri na sehemu mbili tu, kwa mfano 10.3 na 22.8, kabla ya kazi ya kwanza. Ni dakika tatu. Fundi atie sahihi kwenye daftari lililo kando ya slipi geji. Lakini hizo ziwe slipi geji za pili, za kazi za kila siku. Ile seti yenye cheti haikai mahali pa mikono ya kila mtu.

Gharama: kampuni. Inafaidika na chombo ambacho haikukinunua, walau ikigharamie uhakiki. Makato ya mshahara msiyaguse. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu 19, inaorodhesha makato yanayoruhusiwa. Hasara iliyotajwa mle ni ya mali iliyo mikononi mwa mwajiri, iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kalibresheni si hasara.

Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja, sahihi mbili: chombo ni mali ya fundi, kampuni inahakiki na kulipa, kikivunjika kwenye kazi ya kampuni nani anafidia na kwa bei gani (hili liandikwe kabla, likija baadaye ni ugomvi), kikifeli, fundi anakubali kibandikwe stika nyekundu ingawa ni chake. Sharti la mwisho ndilo litakaloleta maneno. Mweleze kwamba hunyang'anyi chombo, unanyima tu ruhusa ya kupitishia kazi.

Akiondoka: toa stika na namba, funga rekodi, weka kumbukumbu za zamani, na namba ile usimpe chombo kingine tena. Cheti kilicholipiwa na kampuni kibaki, yeye apewe nakala. Na getini pawe na orodha ya vyombo vya kila mtu na namba zake za kiwandani, ili mlinzi asimzuie mtu na maikromita yake mwenyewe siku anayohama.

---

Kaskazi_na_Kusi alijibu:

Naongeza mambo ya huku kwetu pwani, maana miongozo mingi imeandikiwa nchi za baridi.

Joto. Kipimo cha rejea ni nyuzi 20. Karakana yetu hapa ni 30 au 31. Chuma kwa chuma, vyote vikiwa na joto moja, haina neno, vinatanuka pamoja. Alumini ndiyo tatizo: kipande cha milimita 100 ukikipimia maikromita ya chuma kwenye nyuzi 30 kitasoma karibu maikroni 11 au 12 zaidi ya kitakavyokuwa kwenye 20. Na kubwa zaidi ni kupima kazi ikiwa ya moto. Chukua ile shafti ya 50 k6. Imetoka kwenye mashine ina nyuzi 50, fundi anasoma 50.010, katikati kabisa, anafurahi. Ikipoa hadi 30 imepungua maikroni 11.5, sasa ni 49.9985. Iko nje. Maikromita haina kosa lolote hapo, na ukiipeleka maabara itarudi safi. Kabla ya kumlaumu fundi na chombo chake, uliza kazi ilipozwa muda gani.

Jasho la chuma. Hili ndilo hula vyombo Mombasa. Stoo ina AC, nyuzi 22. Unaitoa maikromita unaingia nayo karakana yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo huanza kutoa maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27 hivi. Itazame kwa karibu: fuawe zinafifia kama kioo kilichopumuliwa, na kwenye skrubu, ndani usikokuona, kunatokea hivyo hivyo. Itoe ikiwa ndani ya kisanduku chake kilichofungwa, ikae saa nzima mezani, ndipo ifunguliwe.

Ukirudisha: futa chumvi ya vidole kwa spiriti, pakaa mafuta mepesi ya cherehani, tone moja tu, acha fuawe wazi milimita moja au mbili. Zikiachwa zimebanana, unyevu hukaa katikati na kutu huanza hapo hapo pa kupimia. Weka kifuko cha silika kwenye kisanduku, na wakati wa masika kibadilishe au ukikaushe mara kwa mara. Kilichoshiba hakisaidii kitu. Sponji la ndani ya kisanduku lichunguze pia. Likishika maji ya kukatia litaozesha chombo kikiwa kimelala.

---

MkerezajiMkongwe alijibu:

Futi msizisahau, ila msizipe uzito wa maikromita. Futi ya mita 5 ya daraja la II inaruhusiwa kukosea milimita 1.3 kwa urefu wake wote. Linganisheni na rula ya chuma mara moja, pigeni stika, basi. Na ndoano ya mbele kuchezacheza si ubovu: inacheza kwa unene wake yenyewe, ili upime sawa ukisukuma au ukivuta. Wapo wanaoigonga riveti "kuikaza", na hapo ndipo wanapoiharibu.

Spana za toki (za kukaza bolti kwa nguvu iliyopimwa) ni habari nyingine. Kama huna utaratibu wako wa udhibiti, kiwango cha ISO 6789 kinatoa miezi 12 au mikazo 5,000, kinachotangulia. Kwa spana ya fundi hakuna anayehesabu mikazo, kwa hiyo hizo ningesema wazi ziwe za kampuni tu.

---

StooShimanzi aliandika:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumeanza na slipi geji za kuazima zenye cheti. Maikromita moja ya fundi, 0–25: sifuri nzuri, 2.5 hadi 12.9 nzuri, 20.2 inasoma 20.212. Inatumika sana kwa pini za 20 h7. Fundi anasema "rekebisha sifuri tu". Naanzia wapi?

---

Bi_Maikroni alijibu:

Usiguse sifuri! Sifuri ni nzima. Ukiisogeza utaharibu ile sehemu iliyo sawa. Kosa liko kwenye skrubu, pale inapofanya kazi kila siku, na hilo halina marekebisho ya mezani. Stika nyekundu sasa hivi. Baadaye inaweza kurudi ikiwa na stika ya "0–12.9 TU" kama mwenyewe ataikubali.

Sasa kazi zilizopita. Chombo kinasoma 0.012 zaidi, maana yake pini halisi ni ndogo kuliko ilivyoandikwa. 20 h7 ni kuanzia 19.979 hadi 20.000. Toa 0.012 kwenye kila kipimo kilichoandikwa:

Iliyoandikwa 19.991 hadi 20.000, kwa kweli ni 19.979 hadi 19.988. Ziko ndani, ziacheni.

Iliyoandikwa chini ya 19.991, kwa kweli iko chini ya 19.979. Hizo ni ndogo mno na zilipitishwa. Hizi ndizo za kutafuta.

Iliyoandikwa juu ya 20.000 hadi 20.012 ilikuwa nzuri, nanyi mliikata tena bure. Kwa mteja hakuna hatari, ila sasa mnajua saa zilikokwenda.

Rudi nyuma hadi mara ya mwisho chombo kilipojulikana kuwa kizima. Kwa kuwa hakikuwahi kupimwa, huna pa kusimama, kwa hiyo anzeni na pini zilizo bado stoo, mpime zote upya kwa chombo cha kampuni. Halafu kadi za kazi za fundi huyo. Zilizokwisha kwenda kwa mteja na ziliandikwa chini ya 19.991, mteja aandikiwe kwa namba za kazi, si kwa maneno ya jumla. Kama kadi hazitaji chombo, hesabu pini zote za 20 za fundi huyo kuwa na shaka.

Kipindi cha uhakiki kwa vingine: anza na miezi 6. Kikipita mara mbili mfululizo bila kuvuka nusu ya ukomo, kipe 12. Kikifeli, kata kipindi nusu.

---

StooShimanzi aliandika:

Nimeelewa. La mwisho: nitajuaje kama mtu amerekebisha sifuri kimya kimya kati ya uhakiki mmoja na mwingine? Na namba niichonge wapi?

---

Kaskazi_na_Kusi alijibu:

Namba ichongwe kwenye fremu, upande wa nyuma, chonga hafifu. Usichonge karibu na fuawe, wala kwenye mwili wa venia panapopita kitelezi. Ukingo wa mchongo huinuka na kitelezi kitakwama. Stika ifunike kwa selotepu safi, vinginevyo mafuta yataimenya ndani ya wiki.

Kwa sifuri, tone la rangi ya kucha kwenye tundu la spana ya ndoano na kwenye mpaka wa silinda na fremu. Ikisogezwa, inapasuka. Ila nyekundu usitumie, kila nyumba ina nyekundu. Tafuta rangi ambayo mke wa fundi hawezi kuwa nayo, na chupa ikae kwenye kabati lako la kufuli.